Kisanduku cha Akiba: Historia Yake na Namna ya Kukichagua



Kuna swali ambalo siku hizi naulizwa na karibu kila mwenzangu aliyefika umri wetu huu wa kukusanya makaratasi: "Ninunue kisanduku gani cha kuwekea akiba ya vitu vyangu nyumbani?" Wanakusudia vile visanduku vyenye diski mbili au nne ndani yake, unavyochomeka kwenye ruta, na kila kompyuta na simu ya nyumba ile ikaweka nakala yake humo. Watu wa kompyuta huviita NAS. Anayeuliza hutaka jina moja tu la kampuni, alipe, akalale. Sasa mimi fani yangu ni historia, si uhandisi, kwa hiyo jibu langu linaanzia nyuma: nitaeleza vitu hivi vimetoka wapi na vimekufaje, kisha ndipo tuende dukani.

Suala lenyewe si dogo, jamani. Hebu kila mmoja ahesabu alichonacho. Wengi wetu tuliondoka makwetu na kanda za kaseti za miaka ya 1970 na 1980: bibi anahadithia, babu anasoma maulidi, harusi ya shangazi, mzee wa mtaa anaeleza ukoo wa watu. Tuna barua, tuna picha, tuna daftari za utafiti wa miaka 30. Baadhi yetu tumekwisha kuzigeuza kanda zile kuwa faili za kompyuta, na kanda zenyewe zimeganda, hazichezi tena. Basi nakala iliyobaki ni moja tu dunia nzima, nayo imo katika fleti ya ghorofa ya tatu Maskati, au Leicester, au Toronto. Aliyerekodiwa keshafariki. Ikipotea hiyo, hakuna ofisi ya kwenda kuidai.

Wazee walisema akiba haiozi. Walisema hivyo kwa fedha na kwa chakula kilichokaushwa vizuri. Diski huoza, tena huoza kimya kimya.

Ninachotaka kusema nakitanguliza mapema, ili asiye na wakati asome aya hii tu aende zake. Kifaa cha kutegemewa si kile kisichoharibika, kwa sababu hicho hakijawahi kutengenezwa na mtu yeyote. Ni kile ambacho siku kikifa chenyewe, au siku kampuni iliyokitengeneza ikifa, au siku mwenye nacho akifa, vilivyomo bado vinatoka. Wahenga wana msemo kwamba nyumba njema si mlango. Kwa kisanduku hiki mimi nauliza mlango kwanza: mlango wa kutokea.

TANI NZIMA KWA HERUFI MILIONI TANO

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iitwayo RAMAC, ambayo ndiyo ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski za sumaku za kuhifadhia maandishi ya kompyuta. Ilikuwa na diski 50, kila moja ina upana wa inchi 24, zimepangwa juu ya mhimili mmoja zinazunguka. Uzito wake ulikaribia tani moja. Uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni 5. Leo picha moja tu ya simu yaweza kutaka nafasi kubwa kuliko hiyo.

Ilipofika 1980, kampuni tunayoijua leo kwa jina la Seagate ilitoa diski ndogo, ST-506, yenye megabaiti 5. Uwezo ni kama ule ule wa RAMAC, lakini sasa unakaa ndani ya kompyuta ya mezani na unabebeka kwa mkono mmoja. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuwa na "ghala" lake mwenyewe, na hapo ndipo alipoanza kupoteza vitu vyake mwenyewe. Zamani akipoteza benki au serikali. Sasa anapoteza mwalimu wa skuli.

Diski hizi ndogo zilikuwa rahisi kwa bei, lakini zilidharauliwa na wenye kompyuta kubwa. Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyogeuza mambo. Walisema: badala ya kununua diski moja kubwa ya ghali, chukua nyingi ndogo za bei nafuu, uziunganishe zifanye kazi kama moja. Lakini ukiwa na diski nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa unaongezeka, kama vile mwenye mbuzi 20 anavyozika mbuzi mara nyingi kuliko mwenye mmoja. Kwa hiyo lazima kuwe na ziada ya maandishi, ili moja ikifa zilizobaki zijazie pengo. Mpango huo wakauita RAID.

Namna ya kujazia pengo ni hesabu ya watoto. Ukijua kwamba watu watatu wana jumla ya shilingi 10, na wawili kati yao wana 3 na 5, huna haja ya kumuuliza wa tatu: ana 2. Basi katika mipango fulani ya RAID diski zinahifadhi maandishi na pia "jumla" ya maandishi. Mpango mwingine ni mwepesi zaidi: kila kinachoandikwa kinaandikwa kwenye diski mbili kwa pamoja, hii kioo cha ile. Jambo la kuchekesha ni kwamba herufi ya I katika jina lile ilisimamia neno lenye maana ya "bei nafuu". Baadaye wafanyabiashara wakaligeuza likawa "zinazojitegemea". Mwenye kuuza kitu kwa maelfu ya dola hapendi neno rahisi liandikwe mlangoni.

Upande wa pili ulikuwa mtandao. Mwaka 1984 kampuni ya Sun ilitoa njia iitwayo NFS, ya kompyuta moja kusoma faili zilizomo katika kompyuta nyingine kana kwamba ni zake. Mwaka 1992 ikaanzishwa NetApp, kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine zisizofanya jingine ila kutunza faili na kuzigawa kwenye mtandao. Hizo zilikuwa za maofisi makubwa. Kisha zikaanza kushuka ngazi. Mwaka 1998 ilitoka Cobalt Qube, mchemraba wa rangi ya buluu, kwa ofisi ndogo. Kule Taiwan ikaanzishwa Synology mwaka 2000 na QNAP mwaka 2004, na mwaka huo huo wa 2004 Linksys ikatoa kidude kidogo cha NSLU2 ambacho hakikuwa na diski ndani, unakichomekea yako mwenyewe kwa nje. Kuanzia hapo kisanduku cha akiba kikaingia sebuleni, kikakaa karibu na televisheni.

KIOO HAKICHAGUI

Tatizo ni kwamba kiliingia sebuleni pamoja na imani moja ya uongo: kwamba mwenye RAID ana akiba. Hana. Ana kifaa kinachostahimili kufa kwa diski moja, basi. Ukifuta faili kwa makosa, inafutwa pande zote mbili papo hapo. Ukiandika juu ya kitu, kimeandikwa juu kotekote. Kioo hakichagui cha kuonyesha.

Kisa kinachojulikana zaidi katika historia ya mambo haya ni cha filamu ya Toy Story 2. Mwaka 1998, wakati kampuni ya Pixar ikiitengeneza, amri ya kufuta ilitolewa mahali pasipofaa katika mashine yao, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho ya watu. Wakakimbilia nakala za akiba. Kumbe nakala zile zilikuwa na kasoro na hakuna aliyekuwa na habari, kwa sababu hakuna aliyejaribu kuzirudisha ili aone kama zinafanya kazi. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi ile, ambaye alikuwa amejifungua na akifanya kazi nyumbani, na kwa ajili hiyo alikuwa na nakala katika kompyuta ya nyumbani kwake. Walikwenda kuichukua kwa gari kama wanaobeba mgonjwa.

Tazameni vizuri. Kampuni yenye mafundi wa kila aina na mashine za kila aina iliokolewa na nakala iliyokuwa nje ya jengo. Mashine iliyoiokoa haikuwa bora kuliko za ofisini. Ila ilikuwa mbali nazo.

Miaka michache baadaye, 2005, mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh alitoa kitabu cha namna ya kutunza picha za kidijitali, na kanuni inayonasibishwa naye ndiyo inayosomeshwa mpaka leo: nakala 3, katika aina 2 za vifaa, na 1 iwe mahali pengine. Tatu, mbili, moja. Ukiikumbuka hiyo, kisanduku kinarudi mahali pake. Kwa kawaida ni nakala ya pili, ya kwanza ikiwa ile iliyomo katika kompyuta yako. Si ya tatu, na haiwezi kuwa zote tatu.

DISKI NAZO

Mtengenezaji wa diski huandika kwenye karatasi yake kwamba itaishi kwa wastani saa milioni 1 kabla ya kufa. Saa milioni 1 ni zaidi ya miaka 100. Mnunuzi anasoma anafurahi. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson (huyu huyu wa RAID) walitazama rekodi za diski nyingi zilizokuwa kazini katika vituo vikubwa. Kwa mujibu wa karatasi za viwandani, diski zilizopaswa kubadilishwa kila mwaka zisingefika hata 1 katika 100. Walichokuta kwa kawaida ni 2 hadi 4 katika 100, na mahali pengine hadi 13.

Mwaka huo huo watafiti wa Google walitoa matokeo ya diski zao zaidi ya 100,000. Kila diski ina utaratibu wa kujipima na kutoa ishara inapoanza kuugua. Walikuta kwamba ishara zile nne kubwa zikitokea ni za kweli, diski iko hatarini. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja ya ishara hizo nne. Yaani ukiona taa ya kijani unajua tu kwamba mgonjwa hajalalamika.

Tangu 2013 kampuni ya Backblaze imekuwa ikitoa hesabu za diski zake, aina kwa aina, ngapi zimekufa. Ni jambo la kheri, na mnunuzi azisome kabla ya kulipa. Hesabu hizo ndizo zilizofichua kwamba aina moja ya diski ya terabaiti 3 ya Seagate ilikuwa ikifa kwa kasi ya kutisha, na wakati huo huo aina nyingine za Seagate hiyo hiyo zilikuwa nzima. Basi msiniambie "kampuni fulani ni nzuri". Uliza aina gani, ya mwaka gani.

Kisha kuna jambo la 2020. Ilijulikana kwamba Western Digital ilikuwa imeweka katika baadhi ya diski zake za Red, zinazouzwa mahsusi kwa visanduku hivi, njia ya kuandika ambayo mistari inapandana, kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Makuti yakipandana yanafunika vizuri, lakini ukitaka kubadilisha kuti moja la chini huna budi kuinua yaliyo juu yake. Diski za namna hiyo zinafaa kwa kitu kinachoandikwa mara moja kikaachwa. Ndani ya RAID, siku diski moja imekufa na mpya inajazwa upya kwa haraka, zinakwama. Wanunuzi hawakuwa wameambiwa. Tangu hapo kabla ya kununua diski hutazamwa kama ni ya mistari inayopandana au la.

KAMPUNI NAZO HUFA

Hapa ndipo historia inaposema kwa sauti, na hapa ndipo wauzaji wanaponyamaza.

Cobalt, wenye ule mchemraba wa buluu, walinunuliwa na Sun mwaka 2000 kwa mabilioni ya dola. Baada ya miaka michache bidhaa zile zikaachwa. Mwaka 2007 Microsoft, kampuni ambayo hakuna aliyedhani itashindwa, ilitoa Windows Home Server kwa ajili ya nyumba za watu. Kabla mwaka haujaisha ikakiri kwamba programu ile, katika hali fulani, ilikuwa ikiharibu faili. Dawa ilitoka katikati ya 2008. Mwaka 2010 wakatangaza kuiondoa ile njia ya kuunganisha diski ambayo ndiyo watu waliipendea, na toleo la 2011 likawa la mwisho.

Lakini msiba mkubwa kwangu ni Drobo. Kisanduku hiki kilitoka 2007 na kilikuwa kizuri kweli kweli kwa mtu asiyetaka kusoma vitabu vya maelekezo. Unachomeka diski yoyote, ya ukubwa wowote, chenyewe kinapanga. Taa ikiwaka nyekundu unatoa unaweka nyingine. Wapiga picha na waandishi wakakipenda. Siri ya wepesi huo ilikuwa mpango wao wenyewe wa kuandika kwenye diski, ambao hawakumfundisha mtu. Mwaka 2018 Drobo ikachukuliwa na StorCentric. Mwezi wa Juni 2022 StorCentric ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wanaoidai, na mwaka 2023 ikaingia katika kufilisiwa kabisa.

Sasa fikirini hali ya mwenye Drobo siku ile. Diski zake ni nzima, mafaili yake ni mazima. Lakini kisanduku kikiungua, diski zile hawezi kuzichomeka katika kompyuta ya kawaida akazisoma. Aidha atafute Drobo nyingine kuukuu, au awaendee mafundi wa uokoaji na programu zao za kulipia. Mali yake iko mkononi mwake na ufunguo umezikwa na fundi wa kufuli.

Hata walio hai wanabadilika. Mwaka 2025 Synology ilitangaza kwamba visanduku vyake vipya vya daraja la Plus vitataka diski za Synology yenyewe au zilizoidhinishwa nayo. Watu wakapiga kelele, na Oktoba ya mwaka huo huo ikalegeza. Safari hii kelele zilisaidia. Mtu asijenge nyumba yake juu ya kelele.

NA WEZI

Kisanduku kina jambo jingine la kukivutia: unaweza kukifungua kutoka mbali, uko Nairobi unatazama picha zilizoko London. Mlango huo huo wezi nao wanaujua. Mwaka 2014 programu ya kiteka nyara ilivifunga visanduku vya Synology vilivyokuwa na programu ya zamani, na kuwadai wenyewe fidia. Tiba ya ufa ule ilikuwa imekwisha kutolewa Desemba 2013, ila watu hawakuiweka. Aprili 2021 ikawa zamu ya QNAP, na Januari 2022 tena. Juni 2021 wenye My Book Live wa Western Digital waliamka wakakuta vifaa vyao vimerudishwa kama vilivyotoka kiwandani, vitupu. Programu ya kifaa kile ilikuwa haijapata marekebisho tangu 2015, na bado kilikuwa kimeachwa wazi kwenye intaneti.

Funzo lake ni la kinyumba kabisa: usiache mlango wa nje wazi. Kama huna haja ya kukifikia kutoka mbali, kizuie kwenye ruta. Kama una haja, pitia njia iliyofungwa, isiyoonekana na wapita njia.

KILWA, GOA, LAMU

Kwa sisi wasomi wa Kiswahili haya yote yasiwe mageni. Maandishi ya mkono ya Kiswahili makongwe kabisa yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Hazikupatikana Kilwa. Zimekutwa Goa, Bara Hindi, kwa sababu zilifika mikononi mwa Wareno, na makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia yalikuwa huko. Kilichobaki pwani kilikutana na unyevu, mchwa, moto, na mirathi. Kilichokwenda mbali kimebaki. Aliyeandika hakuwa na nia ya kuhifadhi kitu. Umbali ulimfanyia kazi.

Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, yeye alinakili kwa kukusudia. Tungo zile zile aliziandika kwa mkono wake tena na tena, kwa ajili ya Alice Werner, William Hichens, Ernst Dammann na wengineo, na leo nakala zake ziko London na Ujerumani. Kule Mombasa Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka pamoja na Taylor, na makaratasi ya Taylor yakaishia London. Ndiyo maana Hichens aliweza kutoa diwani ya Muyaka mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kufa. Tunayo haki ya kulalamika kwamba urithi wetu uko kwa wengine, na mimi ni mmoja wa wanaolalamika. Lakini tuseme na ukweli wa pili: nakala iliyokuwa moja, nyumba moja, mara nyingi leo haipo popote, si kwetu wala kwao.

Na jambo la tatu, ambalo ndilo linalonirudisha dukani. Barua za Kilwa zina miaka 300 na bado zinasomeka, kwa sababu hati ile haikuwa siri ya mtu. Kila aliyepita chuoni aliijua. Drobo haikutimiza hata miaka 20. Tofauti yao si karatasi na umeme. Moja iliandikwa kwa hati ya watu wote, nyingine kwa hati ya kampuni.

SASA TUNUNUE

Kwanza, uliza diski za kisanduku hicho zinasomeka nje yake au la. Synology wanatumia mpango wa kawaida wa Linux wa kuunganisha diski, na wenyewe wameandika maelekezo ya kuzisoma katika kompyuta ya kawaida. Programu huria ya TrueNAS, ambayo unaiweka katika kompyuta yoyote ya kufaa, inatumia mpango wa ZFS ulioanzia Sun, na diski zake zinahamishika kwenda mashine nyingine. Ukiambiwa "haina haja, haiharibiki", ondoka.

Pili, tafuta mpango wa faili unaojikagua. ZFS na Btrfs huandika kwa kila kipande hesabu yake, na wakati wa kusoma huhesabu tena, kama karani anayelinganisha daftari. Visipolingana unajua kwamba kipande kimeoza, badala ya kugundua baada ya miaka 10 kwamba sauti ya bibi imekuwa mkwaruzo. Mipango hiyo pia huweka picha za jana na juzi za faili zako, kwa hiyo aliyefuta kwa makosa anaweza kurudi nyuma. Hakikisha tu kwamba kisanduku unachonunua kinaitumia, maana vya bei ya chini kabisa vingine havina.

Tatu, kwa nyumba ya kawaida diski mbili zenye kioo zinatosha, na ni rahisi kuzielewa siku ya tabu. Zinunue katika maduka mawili au miezi miwili tofauti, zisiwe zimetoka kiwandani siku moja na kasoro moja. Kama kisanduku kitakaa Dar au Unguja ambako umeme hukatika, kiwekee betri ya kukipa muda wa kuzimika kwa adabu.

Nne, nakala ya nje. Hapa sisi wenye ndugu kila bara tuna utajiri ambao wenzetu hawana. Terabaiti 2 kwa intaneti ya kupandisha megabiti 10 kwa sekunde zinachukua zaidi ya siku 18, usiku na mchana. Katika mkoba wa mtu anayesafiri ni safari moja ya ndege. Nunua diski ya nje, ifunge kwa neno la siri, mpe dada yako aliyeko Mombasa, na yeye akupe yake. Kila likizo mnabadilishana. Mabadiliko madogo ya katikati ndiyo yapite kwenye intaneti.

Tano, na hili halina bei: kila baada ya miezi sita chukua faili tatu kutoka kwenye akiba, uzirudishe, uzifungue, usikilize. Pixar hawakufanya hivyo.

Sita, faili zenyewe ziwe katika hati ya watu wote. Sauti iwe WAV au FLAC, maandishi PDF au maandishi matupu, picha TIFF au JPEG. Programu ya kupanga picha inayofunga kila kitu tumboni mwake ni Drobo nyingine inayosubiri siku yake.

MRITHI

Nimeacha la mwisho lililo zito. Tuko hodari wa kuandika wasia wa nyumba na shamba. Kisanduku je? Neno la siri liko kichwani mwa mtu mmoja mwenye shinikizo la damu. Siku akiondoka, watoto watakuta kitu cheusi kinachowaka taa, hawajui ni nini, watakizima ili kupunguza umeme, na baada ya mwaka kitakwenda na takataka. Sauti za watu watatu au wanne wa karne iliyopita zitakwenda nacho, na hapo hakuna diski iliyoharibika wala kampuni iliyofilisika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari liwepo: ukurasa mmoja wa karatasi, kwa Kiswahili na kwa lugha wanayoisoma watoto, useme kisanduku kiko wapi, ndani mna nini, nakala ya nje iko kwa nani, na neno la siri ni lipi. Uutie bahasha, uuweke pamoja na hati za nyumba. Kisha mwite binti yako, umkalishe, afungue mwenyewe mbele yako bila wewe kugusa kitu. Akishindwa, kisanduku hicho hakijawa cha kutegemewa bado, hata kama umelipa bei ya juu kuliko vyote.

Wasalaam.